Pua Yangu Ilipozimika: Niliyojifunza kwa Mababa wa Kanisa

Mkesha wa Pasaka wa 2021 nilisimama safu ya nne, upande wa kwaya, nikakitazama chetezo kikipita. Moshi niliuona. Niliuona ukipanda, ukigawanyika mbele ya mshumaa wa Pasaka, ukishuka taratibu mabegani mwa watumishi wa altare. Dada aliyesimama kando yangu alikohoa, akajiziba pua kwa ncha ya kitenge, maana ubani ulikuwa mwingi. Mimi sikusikia kitu. Ilikuwa wiki ya tisa tangu pua yangu izimike, na usiku ule ndipo nilipokubali kwamba yale hayakuwa mafua ya kupita.

Nawaandikia watu wawili. Wa kwanza ni yule aliyepoteza harufu na anaona aibu kulalamika, kwa sababu hakuna anayemhurumia mtu kwa kukosa harufu. Wa pili ni yule anayeanza kuwasoma Mababa wa Kanisa, yaani walimu wa Kikristo wa karne za kwanza, juu ya milango ya fahamu ya rohoni, yaani kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa kwa roho, hasa kama anasoma peke yake usiku, bila mtu wa kumwuliza. Kwangu mambo hayo mawili yalikuja pamoja, na nisingetoka katika moja bila la pili.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka mitatu nilisoma shahada ya uzamili ya teolojia jioni na wakati wa likizo. Tasnifu yangu ilihusu milango ya fahamu ya rohoni katika mafundisho ya Origene wa Aleksandria, aliyezaliwa yapata mwaka 185 na kufariki yapata 254, akiwa ameshapitia gereza na mateso ya dhuluma ya Kaisari Decius. Swali lenyewe nilikuwa nalo tangu utotoni. Parokiani kwetu tuliimba Zaburi ya 34 wakati wa komunyo, "Onjeni mwone ya kuwa Bwana yu mwema," nami nikawa najiuliza: mtu anaonjaje wema? Na ulimi unaonaje?

Kosa langu la kwanza lilinila miezi minane. Nilianza na muhtasari. Nilisoma makala za watu waliosoma makala za watu waliomsoma Origene, nikaandika sura ya kwanza ya kurasa 31 kabla sijasoma hata kitabu kimoja chake mwanzo hadi mwisho. Ukikutana na sentensi tamu ya Baba wa Kanisa, usiinukuu kabla hujasoma kurasa tano zilizoitangulia na tano zinazoifuata. Tafsiri za Kiingereza za karne ya 19 za maandiko mengi ya Mababa zinapatikana bure mtandaoni. Lugha yake ni ya kizamani, lakini zinatosha kuanzia. Mimi nilitumia zaidi ya shilingi 200,000 kununua vitabu vinavyomhusu Origene kabla sijasoma, bila kulipa senti, alichoandika Origene mwenyewe.

Katika muhtasari ule niliokota wazo moja nikalishika kama mkongojo: kwamba milango ya nje ikifungwa, ya ndani hufunguka yenyewe. Nikalipata tena, au nilidhani nimelipata, kwa Yeronimo, Baba mwingine wa Kanisa. Mwaka 393, katika kitabu chake dhidi ya Yovinyani, mtawa aliyeshusha thamani ya kufunga, analichukua neno la nabii Yeremia kwamba mauti imepandia madirishani, na kueleza kuwa madirisha hayo ni hisi tano ambazo uovu huingilia rohoni. Ni picha ya kweli mahali pake. Anawaonya watu wa mijini juu ya michezo ya hadhara, manukato na ulafi. Mimi niliigeuza kuwa sheria ya nyumba.

Kwaresima ya 2020 nilizima redio. Marashi yangu nikayagawa. Nikawa nakula mara moja kwa siku, baada ya jua kuzama, chakula kisicho na chumvi, na Pasaka ilipofika sikuacha. Jioni nilifunga mapazia nikakaa gizani. Sikumwambia mtu yeyote, na hapo ndipo palipokuwa na hatari zaidi ya njaa yenyewe. Kufikia Novemba nilikuwa naamka saa tisa usiku na moto chini ya kifua. Kipimo cha kamera ya tumbo kilinigharimu shilingi 180,000, na majibu yakawa vidonda.

Katika usiku wa njaa ile nilianza kuona mwanga. Ulikuwa mdogo, upande wa kushoto, wa rangi ya maziwa. Nilifurahi hadi nikalia. Niliamini mlango umefunguka. Na kwa sababu niliamini, nilimwambia mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye mume wake alikuwa amelazwa, kwamba nimeuona mwanga nikimwombea na kwamba mzee atapona. Alifariki siku ya tisa. Yule mama hakunilaumu. Siku ya matanga alinishika mkono, akanikaribisha chakula, nami nikakila.

Mwishoni mwa Januari 2021 nikashikwa na homa ya siku nne. Homa ilipoondoka iliondoka na harufu yote. Lazima niseme kilichonijia kwanza, kwa sababu ni sehemu ya kosa: nilimshukuru Mungu. Nilihesabu kwamba mlango mmoja sasa umefungwa kabisa, tena si kwa mkono wangu, kwa hiyo wa ndani utafunguka. Haukufunguka. Kilichokuja ni hofu. Jirani aliingia jikoni kwangu akikimbia, akafunga mtungi wa gesi uliokuwa ukivuja huku mimi nimesimama pale nakatakata nyanya. Nilimpa mtoto maziwa yaliyochacha. Maharage yaliungua mara tatu katika wiki moja. Ikiwa tatizo hili limekupata, andika tarehe kwenye kila chombo cha chakula, funga mtungi kila unapomaliza kupika, na umwombe mtu anayeaminika awe pua yako. Usione haya kumwita aje anuse.

Lakini lililonivunja ni mwanangu. Alikuwa na miaka minne. Kila usiku, kabla hajalala, nilizoea kuiweka pua yangu utosini pake. Sasa niliiweka nikakuta nywele tu. Mtu hajui kwamba anamtambua mwanawe kwa pua hadi atambue kwamba amebaki kumtambua kwa macho peke yake.

Wakati huo nilisoma Maungamo ya Agostino, kitabu cha kumi, bila mpango, kwa sababu tu kilikuwa karibu. Humo kuna kifungu ambacho wengi wanakijua: Agostino anakiri kuwa amechelewa kumpenda Mungu, kisha anapita hisi zote tano. Mungu aliita akauvunja uziwi wake, akang'aa akaufukuza upofu wake, akanukia naye akavuta pumzi, akaonjwa, akagusa. Nilisoma kipande cha harufu mara nyingi. Kisha nikafika mbele kidogo, anapojichunguza juu ya vishawishi vya kila hisi, nikakuta anasema harufu hazimsumbui sana: zisipokuwepo hazitafuti, zikiwepo hazikatai, naye yuko tayari kukaa bila hizo daima. Nilikifunga kitabu kwa hasira. Nilitaka kumwambia, wewe hujakaa bila hizo hata siku moja. Baadaye niliona kwamba yeye mwenyewe anaongeza kuwa huenda anajidanganya, na kwamba moyo wa mtu ni giza hata kwake mwenyewe. Sentensi hiyo ndiyo niliyoihitaji, na kwa hasira nilikuwa nimeiruka.

Nilimwonea wivu hata Perpetua, shahidi wa Karthago aliyeuawa mwaka 203 akiwa mama mchanga wa miaka kama 22. Gerezani aliota mchungaji mwenye mvi akikamua kondoo, akampa tonge la jibini. Alilipokea kwa mikono iliyokutanishwa, akala, akaamka bado anatafuna kitu kitamu. Nami nilikuwa naamka mdomo hauna kitu.

Daktari wa masikio, pua na koo nilimwona mwezi wa nne.

"Mama, tangu lini husikii harufu?"

"Tangu mwisho wa Januari, Daktari."

"Na ladha?"

"Chumvi naisikia, sukari naisikia, ndimu naisikia kwamba ni kali. Zaidi ya hapo hakuna kitu."

Akanieleza kwamba ulimi wenyewe unajua machache sana, mengi tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Kisha akachukua karatasi akaandika maneno manne: waridi, limau, karafuu, mkaratusi. Kila asubuhi na kila jioni nivute kila harufu kwa sekunde kama kumi, polepole, huku nikiikumbuka ilivyokuwa, kwa wiki 12 bila kuruka. Njia hiyo ilijaribiwa na watafiti wa Dresden, Ujerumani, wakaitangaza mwaka 2009. "Pua inafundishika," alisema. "Lakini haifundishwi kwa kusubiri."

Waridi nilipata kwenye marashi, limau jikoni, karafuu sokoni, na mafuta ya mkaratusi duka la dawa. Vyote havikufika shilingi 15,000. Nilivitia kwenye vichupa vinne nikavipanga dirishani, kwenye pazia lilelile nililokuwa nalifunga.

Mwezi uleule, katika kipindi cha Kigiriki, tulipewa Waebrania 5:14. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, ile ya Union, mstari huo unasema chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Niliujua kwa moyo tangu kipaimara. Nilipofungua Kigiriki sikukuta akili. Nilikuta aisthētēria, yaani viungo vya hisi: jicho, sikio, pua. Na pale tunaposoma "zimezoezwa" pana neno lililozaa jimnastiki. Mwandishi anasema watu wazima ni wale ambao hisi zao zimefanyishwa mazoezi, kila siku, kama mwili wa mwanariadha.

Nilikaa na kalamu mkononi nikaangalia vichupa vyangu vinne.

Mstari huo ni mmoja wa nguzo za mafundisho ya Origene juu ya hisi za rohoni. Nguzo nyingine ni Mithali 2:5, ambapo sisi tunasoma "na kupata kumjua Mungu," lakini yeye aliusoma kama ahadi kwamba utaipata hisi ya kimungu. Mwaka mzima nilikuwa namtafuta Origene katika Biblia ya Kiswahili nikimkosa, kwa sababu mahali pake penyewe pameandikwa "akili" na "kumjua." Simlaumu mfasiri. Kila tafsiri huchagua, na maana aliyoichagua imo ndani ya neno. Ila ukisoma Mababa, weka daftari la maneno. Kila wanaponukuu Maandiko, linganisha tafsiri mbili au tatu, na kama hujui Kigiriki tafuta anayejua hata herufi zake. Daftari langu lina maneno 64, na limenifaa kuliko vitabu vyote nilivyonunua.

Ndipo nikamsoma Origene upya, safari hii yeye mwenyewe. Nilianza na jibu lake kwa Kelso, mwanafalsafa mpagani aliyeandika kuupinga Ukristo. Jibu hilo aliliandika yapata 248. Kelso alikuwa ameuliza swali la haki kabisa: pale mtoni Yesu alipobatizwa, ni nani mwingine aliyemwona huyo njiwa, nani aliyeisikia sauti? Origene anajibu kwamba ipo hisi ya kimungu yenye namna zake. Kuna kuona kunakofika kwa makerubi na maserafi, kusikia sauti zisizo za hewani, kuonja mkate wa uzima ulioshuka kutoka mbinguni, kunusa ile harufu ambayo Paulo anaitaja anaposema "sisi tu manukato ya Kristo," na kugusa kama Yohane aliyesema kwamba mikono yao ililipapasa Neno la uzima. Kisha, katikati ya orodha, anamtaja Isaka. Mzee kipofu anamvuta mwanawe karibu, anaisikia harufu ya mavazi yake, anambariki: "Tazama, harufu ya mwanangu ni kama harufu ya shamba alilolibariki Bwana."

Hapo nililia, na sikulia kwa ajili ya tasnifu.

Nisimfanye Origene kuwa mtu wa mwili kuliko alivyokuwa. Kwake maneno ya mwili mara nyingi ni majina tu yanayoazimwa na roho. Katika mazungumzo yake na askofu Heraklide, ambayo mafunjo yake yalifukuliwa Tura karibu na Kairo mwaka 1941, anaeleza kiungo kwa kiungo jinsi mtu wa ndani anavyoitwa kwa majina ya viungo vya mtu wa nje. Wataalamu wanabishana hadi leo kama hisi hizo tano za ndani kwake ni kitu halisi au ni tamathali za semi kwa akili moja. Mimi naona ni zaidi ya tamathali, kwa sababu hakuna anayezoeza tamathali. Lakini hakuna mahali anaposema kwamba ukiiua pua ya nje utapata ya ndani. Hilo nililitunga mimi, nikampachika yeye.

Wiki ya saba ya mazoezi karafuu ilirudi. Haikurudi kama karafuu, ilirudi kama kijinyuzi cha moto mbali sana. Wiki ya kumi zikaja harufu nyingine, na zilikuja zimepotoka. Kahawa ilinuka mpira unaoungua. Kitunguu kilinuka mzoga. Nilitapika kwenye harusi ya binamu yangu kwa sababu ya pilau. Daktari alisema hiyo ni dalili njema, neva zinajiunga upya na zinakosea anwani. Nisiache. Hatua hiyo ndiyo ngumu kuliko ukimya, nawaambia wazi, na wengi huishia hapo. Ilinichukua miezi mitano. Nilikula wali mweupe, ndizi na mtindi, vyote vikiwa baridi, kwa sababu mvuke ndio unaobeba harufu.

Wakati kahawa inanuka mpira, msimamizi wangu, padre mzee ambaye hasemi sana, alinipa sura mia moja za Diadoko, askofu wa Fotike huko Ugiriki katika karne ya 5. Diadoko anafundisha kwamba hisi ya roho kwa asili ni moja, na ikagawanyika kwa kosa la Adamu. Zile tano za mwili hutofautiana kwa sababu ya mahitaji ya mwili. Nilipomweleza bibi yangu hilo kwa simu hakushangaa hata kidogo. "Mjukuu wangu, sisi si ndivyo tunavyosema? Unasikia sauti, unasikia harufu, unasikia utamu, unasikia baridi, unasikia uchungu. Yote ni kusikia." Nilikuwa nimeandika kurasa 140 juu ya umoja wa hisi, na kitenzi chenyewe nilikuwa nikikitumia kwa daktari kila mwezi.

Diadoko ndiye aliyenishika pabaya. Anasema mtu asidhani kwamba kuzungumzia hisi ya akili ni kuahidi utukufu wa Mungu uonekane kwa macho. Mwanga au umbo la moto likimtokea mtu katika juhudi zake, asilipokee. Anachokitumainia yeye ni ladha, kama ulimi wenye afya unavyotofautisha kizuri na kibaya bila kukosea. Nami ulimi wangu na pua yangu vilikuwa vinanifundisha upande wa pili wa maneno hayo: hisi iliyo mgonjwa hainyamazi tu, inasema uongo kwa sauti ya kweli kabisa. Kitunguu kilikuwa kizima. Mzoga ulikuwa ndani yangu. Nikaukumbuka ule mwanga wa rangi ya maziwa.

Nilienda kwa yule mama. Nilimwambia kwamba niliona njaa, sikuona mwanga, na kwamba nilimpa tumaini ambalo sikupewa niligawe. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa siku zile tisa aliacha kumwambia mumewe maneno ya kuagana, kwa sababu mimi nilisema atapona. Sikuwa na la kujibu, na hadi leo sina. Ukihisi umeona kitu katika sala, mpelekee mzee wa kiroho kabla hujampelekea mtu mwenye shida.

Msimamizi wangu nilimweleza yote siku iliyofuata.

"Mwanangu, unakula?"

"Nakula mara moja, Padre."

Alinyanyua Diadoko akanisomea: mwili uliolemewa na chakula huifanya akili izubae, na mwili uliodhoofishwa kwa kufunga kupita kiasi huifanya roho iwe na huzuni na isiweze kutulia, kwa hiyo mwili wenye afya utiwe nidhamu na mwili dhaifu ulishwe. Akaniambia pia habari za Evagri wa Ponto, mwalimu mkuu wa sala katika majangwa ya Misri. Paladi, aliyemfahamu, ameandika kwamba baada ya miaka mingi bila chakula kilichopikwa, tumbo lilimshinda, akaanza kula vitu vya motoni, uji wa shayiri na kunde, mpaka alipofariki mwaka 399. "Hata Evagri alipikiwa uji," alisema padre. "Kesho asubuhi ule kabla hujafungua kitabu." Nikala. Mwenye vidonda vya tumbo, kanuni ya kufunga uipange na daktari na padre wako wote wawili, na usiipange peke yako usiku.

Kama ningeanza upya leo, ningeanza na Sirili, askofu wa Yerusalemu katika karne ya 4. Mafundisho yake matano kwa waliobatizwa, ambayo wengine wanaona ni ya mrithi wake Yohane, ni mafupi na yanasomeka kwa siku moja. Yalitolewa katika juma la Pasaka, kwenye kanisa la kaburi la Bwana, kwa watu ambao maji na mafuta vilikuwa havijakauka mwilini mwao. Kwanza wanapitia, ndipo wanaelezwa. Anawakumbusha walivyopakwa krisma, yaani mafuta matakatifu, kwenye paji la uso, kisha masikioni, kisha puani, kisha kifuani, na kwa pua anautoa mstari uleule wa manukato ya Kristo. Mimi katika kipaimara nilipakwa paji la uso tu. Niliposoma hapo nilijigusa pua.

Mbele zaidi anaeleza namna ya kupokea: mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi cha ule wa kulia, maana unampokea Mfalme. Uyatakase macho yako kwa kuugusisha Mwili mtakatifu, usidondoshe hata chembe. Na baada ya kikombe, unyevu ukiwa bado midomoni, uuguse kwa vidole upake macho, paji la uso na hisi nyinginezo. Huyo ndiye mtu niliyemdhania mwalimu wa kufunga milango. Anaipaka mmoja mmoja.

Kisha linakuja lile swali langu la utotoni. Mwimbaji anaimba "Onjeni mwone," na Sirili anasema: hukumu ya hilo usiiachie koo la mwili, iachie imani. Ulimi unasema mkate, wewe hukuambiwa uonje mkate. Jumapili iliyofuata nilipokea mkononi, kiganja cha kushoto chini ya cha kulia. Hostia ilikuwa karatasi mdomoni mwangu kama ilivyokuwa tangu Januari. Ila kwa mara ya kwanza sikuidai initie ladha. Niliihisi uzito wake kiganjani, kitu chepesi kuliko punje, nikausikia ukingo wake kwa kidole. Koo halikuwa na kazi asubuhi ile. Mkono ulikuwa nayo.

Mwandishi Mkristo Tertuliani wa Karthago alikuwa amelisema zaidi ya karne moja kabla ya Sirili: mwili ni bawaba ya wokovu. Mwili unaoshwa ili roho itakate, mwili unapakwa ili roho iwekwe wakfu, mwili unakula ili roho ishibe. Niliipenda bawaba ile. Sisi tunaziita hisi milango, nami kwa mwaka mzima nilihangaika na mlango ufungwe au ufunguliwe, bila kuangalia umening'inia juu ya nini.

Lipo jambo la ubani ambalo bado linanishughulisha. Origene, aliyeandika vizuri vile juu ya harufu ya Kristo, huenda hakuwahi kusikia ubani katika ibada ya Kikristo. Wakristo wa karne tatu za kwanza waliukwepa, kwa sababu chembe moja ya ubani juu ya makaa mbele ya sanamu ndiyo iliyotosha kumkana Bwana wakati wa dhuluma. Kwao harufu ile ilikuwa harufu ya usaliti. Kufikia miaka ya 380, mwanamke msafiri aitwaye Egeria anasimulia jinsi vetezo vilivyoingizwa kwenye pango la Ufufuko huko Yerusalemu alfajiri ya Jumapili hadi kanisa zima likajaa manukato. Ni moshi uleule, na katika miaka isiyozidi 140 pua za Kanisa zilikuwa zimefundishwa upya. Sura yangu ya mwisho ya tasnifu ilihusu hilo. Niliikabidhi Septemba 2022, ikiwa imechelewa mwaka mmoja na kunigharimu ada ya nyongeza ya shilingi 400,000.

Ubani wenyewe ulinirudia Jumapili moja ya kawaida mwezi wa kumi na moja, bila sherehe, wakati watumishi wanalijaribu kaa jipya sakristia. Kahawa sasa ni kahawa. Kitunguu bado kina kona moja mbaya. Vichupa vinne viko dirishani na pazia liko wazi, na ninavuta asubuhi na jioni ingawa wiki 12 zilipita zamani.

Mwanangu ana miaka sita. Harufu ya utosi wake haijarudi. Kila usiku ananiinamishia kichwa mwenyewe, kwa sababu amezoea, na mimi naiweka pua pale, nafumba macho, nahesabu hadi kumi.